Vidugamba kwenye maua ya ndani: spiriti, mafuta ya alizeti, mwarobaini au sumu ya dukani?

Mti wangu wa mpira, ule wa mapambo, ulikuwa umefikia kimo cha mlango nilipoanza kukanyaga kitu kinachonata sakafuni. Nilidhani watoto wamemwaga soda. Nikapiga deki, kesho yake pakanata tena, palepale, chini ya jani lilelile. Nilipoligeuza nikakuta vidoa vya kahawia vimejipanga kwenye mshipa wa katikati kama dengu zilizobandikwa, na sisimizi wanapita juu yake kwenda na kurudi. Mzee mmoja anayeotesha miche ya maua huku kwetu Ilazo, Dodoma, alivitazama mara moja tu akasema, "Mwanangu, haya siyo madoa. Hawa wanakunywa."

Hao ni vidugamba, wengine huwaita wadudu magamba. Wakulima wa kahawa wanawafahamu tangu zamani. Sisi wenye vyungu sebuleni huchelewa kuwagundua, kwa sababu hawaruki, hawakimbii, na ukiwatazama hawafanani na mdudu hata kidogo. Tangu siku ile nimejaribu karibu kila kitu ninachoshauriwa, kwenye vyungu vya ndani na vya barazani, hapahapa Dodoma, kwa maji yetu, vumbi letu na jua letu. Nasema hivyo kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwa watu wanaoishi penye unyevu na maji laini, na ukiuleta huku unageuka.

Gamba lako ni lipi?

Kabla hujanunua chochote, chukua sindano uinue gamba moja taratibu. Likitoka peke yake kama kofia na mdudu akabaki amelala juu ya jani, huyo ni wa gamba gumu. Kama gamba na mwili ni kitu kimoja, vinang'oka pamoja na kuacha majimaji, huyo ni wa gamba laini. Njia ya pili haihitaji hata sindano: pitisha kidole kwenye majani ya chini na sakafuni. Panaponata, ni wa gamba laini.

Kunata huko kuna sababu. Wa gamba laini huchoma mdomo kwenye mirija inayosafirisha sukari ya mmea. Wanafyonza kingi kuliko wanachohitaji, na kinachobaki wanakitoa nyuma kikiwa kitamu kama asali. Sisimizi wanaifuata hiyo, na juu yake huota ukungu mweusi unaofanana na masizi ya sufuria. Wa gamba gumu hawanywi kwenye mirija hiyo. Wao hutoboa chembe za jani moja moja na kunyonya kilichomo, ndiyo maana hawatoi asali, ila wanaacha madoa ya manjano. Ni wadogo na bapa, mara nyingi milimita moja hadi mbili, na kwenye dungusi au mshubiri wanaweza kuonekana kama unga wa chaki uliokauka. Shika tofauti hii, kwa sababu ndiyo inayoamua kama sumu ya dukani itakusaidia au itakula pesa yako bure.

Jambo la pili ni uzazi. Mayai hukaa chini ya gamba la mama. Yakianguliwa, vitoto visivyofika nusu milimita vinatembea kutafuta pa kuchoma mdomo. Vikishapata vinatulia na kuanza kujijengea gamba. Ni katika kutembea huko tu ndipo mdudu huyu yuko uchi. Baada ya hapo, dawa nyingi za kupulizia zinateleza juu yake kama mvua juu ya bati. Ndani ya nyumba hakuna msimu, vizazi vinapishana, kwa hiyo leo utaua vitoto na wiki ijayo wengine watatoka chini ya magamba yaleyale. Njia yoyote utakayochagua, ihesabie wiki sita hadi nane za kurudia. Anayekuambia ukipuliza mara moja wameisha hajawahi kuwa nao.

Mkono na spiriti

Hii ndiyo njia ninayoianza na ninayoiamini zaidi kwa mmea unaoweza kuuzunguka kwa mikono yako. Spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia kidonda yenye nguvu ya asilimia 70, inayeyusha nta ya gamba na kumkausha mdudu aliye chini yake. Chovya pamba au kijiti cha masikio, gusa kila gamba, hesabu hadi tano, kisha sugua litoke. Kwenye shina tumia mswaki laini wa mtoto. Pita kwenye mshipa wa katikati upande wa chini wa jani, kwenye makwapa ambako kikonyo kinaungana na shina, na pale shina linapoingia kwenye udongo. Hapo penye udongo ndipo wengi tunaposahau, na ndipo wanaporudi kutokea.

Uzuri wake ni kwamba inamfikia mkubwa, siyo kitoto peke yake. Haichagui gamba laini wala gumu. Haiachi sumu sebuleni, na maji yetu hayawezi kuiharibu kwa sababu huchanganyi na maji. Ubaya wake ni muda. Mpira wangu wenye majani thelathini na kitu ulinila jioni nzima mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa kama nusu saa, na kufikia wiki ya nne nilikuwa nasaka gamba mojamoja.

Majani mengine hayaipendi. Feni (kangaga, siyo zile za umeme) zinaungua. Lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo asili yake ni milima yetu ya Usambara na leo linapendwa madirishani dunia nzima, usiliguse kwa spiriti. Kwa mmea wowote usioujua, jaribu jani moja usubiri siku mbili. Na tafadhali, kazi hii ifanyike mbali na jiko la mkaa au la gesi, dirisha likiwa wazi. Mvuke wa spiriti unashika moto haraka, na watoto hupenda kusogea kuona unachofanya.

Sabuni au mafuta?

Hapa ndipo majirani zangu wanapogawanyika. Sabuni na mafuta vyote hufanya kazi kwa kugusa: visipomlowesha mdudu havimfanyi kitu, na vikishakauka kazi yake imekwisha. Lakini kwa Dodoma siyo sawa kabisa, na sijaona mtu akilisema hili waziwazi.

Sabuni huua mdudu mwenye ngozi laini muda ule tu inapokuwa majimaji. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na kuanzia Juni upepo unavuma kutwa. Ukipulizia saa nne asubuhi barazani, kufikia saa nne na robo jani limeshakauka. Halafu kuna maji. Visima vingi vya huku vina maji magumu, unayaona kwenye ukoko mweupe ndani ya birika na kwenye sabuni inayokataa kutoa povu. Sabuni ikikutana na maji hayo inagandamana kuwa utando, na sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia humo badala ya kumfikia mdudu. Kwa muda mrefu nilidhani naongeza sabuni kidogo mno, kumbe nilikuwa nalisha chokaa. Ukitaka kutumia sabuni, tumia maji ya mvua uliyokinga, au maji ya kunywa ya chupa. Kuchemsha maji na kuyaacha yatuame kunapunguza ugumu kiasi, lakini chumvi yenyewe haiondoki.

Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya kawaida kwa lita moja, napuliza jua likishazama, kisha nasuuza baada ya saa moja au mbili. Sabuni ya unga ya kufulia isikaribie jani, wala zile za kuoshea vyombo zilizoongezewa dawa ya kukata mafuta makali, maana zinakwangua nta ya jani lenyewe. Kwa vitoto vinavyotembea, sabuni ni nzuri na rahisi. Kwa mama aliyekwisha kujifunika, hasa wa gamba gumu, usiitegemee.

Mafuta yanafanya kazi tofauti: yanamziba mdudu pumzi. Yanakaa muda mrefu kuliko maji ya sabuni, yanapenya pembezoni mwa gamba, na yanafikia hata baadhi ya mayai. Kwa wa gamba gumu, kati ya vitu vyote vya nyumbani vya kupulizia, mafuta ndiyo ya kwanza. Na sisi tunaoishi katikati ya nchi ya alizeti hatuhitaji kuagiza chupa ya mafuta ya bustani kutoka mbali, ingawa ukiyapata ni mazuri, yamesafishwa zaidi na huchanganyika vizuri na maji.

Chukua vijiko viwili vya chai vya mafuta ya alizeti, nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji, koroga hadi viwe vyeupe kama maziwa, ndipo uongeze maji lita moja. Sabuni hapo kazi yake ni kuyashikanisha mafuta na maji. Tumia mafuta yaliyosafishwa, yale mazito yanayokamuliwa mtaani huziba bomba la kupulizia. Tikisa kila baada ya dakika chache, maana yanapanda juu. Lowesha upande wa chini wa jani hadi lianze kudondosha.

Mafuta yana masharti ambayo mimi niliyavunja. Mwezi Oktoba mmoja, saa sita mchana, nilipuliza mlimau wangu wa kwenye pipa uliokuwa haujamwagiliwa siku tatu. Baada ya siku nne majani yalikuwa na makovu ya kahawia, na nusu yake yakaanguka. Joto likikaribia au kupita nyuzi 32, mafuta yanakaanga jani, na mmea wenye kiu unaumia mara mbili. Mwagilia asubuhi, puliza jioni, weka mmea kivulini kesho yake. Mimea yenye manyoya au yenye ule unga wa kijivu juu ya majani, kama baadhi ya mimea ya jangwani, iepushe. Tena mafuta ya alizeti, tofauti na ya bustani, hugeuka ya kunata yanapokauka na hukamata vumbi. Baada ya siku mbili futa majani kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ukiacha, utakuwa na majani yenye koti la udongo mwekundu.

Kwa hiyo nikilazimika kuchagua kimoja cha kupuliza katika mji huu, nachagua mafuta, nayapuliza jioni. Kuanzia Desemba hadi Machi, mvua zikiwepo na maji ya kukinga yakiwepo, sabuni inarudi kuwa na maana, hasa kwa feni na majani membamba.

Mwarobaini

Dodoma imejaa miarobaini, barabarani na nyuani, na heshima ya mti huu kwetu ni kubwa. Jina lenyewe linabeba maradhi arobaini. Naupenda na ninautumia. Ila watu wengi wanachuma majani, wanayatwanga, wanapuliza, wiki mbili baadaye wanasema mwarobaini haufai. Nguvu inayohusika, azadiraktini, iko zaidi kwenye mbegu. Majani yana kidogo.

Kausha mbegu kivulini, twanga gramu 50, funga kwenye kitambaa, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, kamua, chuja, ongeza tone la sabuni, utumie siku hiyohiyo jua likizama. Jua huiharibu kwa siku chache. Na usitarajie kuona mdudu amekufa kesho. Azadiraktini humkatisha hamu ya kula na kumvuruga asiweze kujivua ngozi na kukua, kwa hiyo inawapata wadogo zaidi kuliko wakubwa, tena polepole. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yana faida ya ziada ya kuziba pumzi kama mafuta mengine, lakini harufu yake sebuleni ni nzito, na aliye na mgeni jioni ataijutia.

Nauweka mwarobaini kama msaidizi: wiki hii mafuta, wiki ijayo mwarobaini, baada ya kuwa mkono na spiriti vimeshapunguza wale wakubwa. Peke yake kwenye mmea uliojaa magamba, sijawahi kuuona ukishinda.

Sumu ya dukani

Dawa ya mbu ya kopo haimo kabisa kwenye ulinganisho huu. Haipiti gamba, na vimiminika vilivyomo huchoma majani. Nimeona mtu akimalizia kopo zima kwenye monstera moja, lile ua la majani makubwa yenye matundu, na kilichokufa ni monstera.

Inayozungumzwa zaidi ni ile ya kumwaga kwenye udongo, yenye kiambato cha imidakloprid, inayopanda ndani ya mmea hadi kwa mdudu anayefyonza. Inafanya kazi kweli kwa wengi wa gamba laini, kwa kuwa wanakunywa kutoka kwenye mirija. Kwa wa gamba gumu kwa kawaida haifui dafu, kwa sababu ileile niliyoieleza mwanzo: hawanywi pale dawa inapopita. Mtu anaweza kununua chupa, akamwagilia miezi, na magamba yakaongezeka mbele ya macho yake, kumbe hakuinua gamba moja kwa sindano kabla ya kwenda dukani.

Ninaiona inafaa kwa hali moja: mmea mkubwa usioliwa, wenye gamba laini, mrefu kiasi kwamba huwezi kuusugua. Hata hapo soma lebo, uone kama inaruhusiwa kwa mimea ya ndani. Viuatilifu nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Usikubali kupimiwa sumu kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, hata kama muuzaji ni mtu wenu. Chupa ya namna hiyo nyumbani kwenye watoto ni hatari kuliko mdudu yeyote. Mlimau, mrehani, mchaichai, pilipili, vyote visipewe. Na mmea unaotoa maua ambao unautoa nje usiupe pia, maana sumu hufika hadi kwenye chavua na nekta, na nyuki wa mikoa hii ni riziki ya watu wengi, kuanzia kwetu hadi Singida.

Kuna hasara nyingine: sumu huua pia wanaotusaidia. Vidugamba wana maadui zao, nyigu wadogo kuliko punje ya ulezi, na kile kidudu cha mviringo chenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Tusisahau kidung'ata wa muhogo, ndugu wa karibu wa vidugamba. Alipoingia Afrika miaka ya 1970 akitokea Amerika Kusini aliangamiza mashamba, na aliyemshinda hakuwa sumu. Alikuwa nyigu mdogo aliyetafutwa Paraguay na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, akaenea sehemu kubwa ya bara. Kwa hiyo ukiona gamba lina tundu dogo la duara juu yake, liache. Nyigu ameshazaliwa humo. Mimea ya barazani hufaidika na wageni hawa, mradi uoshe majani. Vumbi linawazuia kufanya kazi, na sisimizi wanawafukuza ili kulinda asali yao, kwa hiyo paka mafuta ya mgando kwenye ukingo wa chungu au simamisha chungu juu ya sahani yenye maji.

Nani achague nini

Mwenye vyungu vitatu vinne vyenye majani mapana magumu asihangaike na kupuliza: spiriti na mkono kila Jumamosi vinatosha. Mwenye baraza zima, au aliyegundua gamba gumu, achanganye mswaki kwenye shina na mafuta jioni kila baada ya siku saba hadi kumi. Mwenye feni au ua la Usambara abaki na maji ya sabuni yaliyotengenezwa kwa maji ya mvua, au kibano na subira. Mwarobaini uongezwe popote penye nafasi ya kuupuliza nje. Sumu iwe ya mwisho, na kwa gamba laini tu.

Kwa wote, pogoa kwanza matawi yaliyojaa, kabla ya tone lolote la dawa. Punguza mbolea ya naitrojeni, maana machipukizi mengi laini ni chakula chao. Na usihukumu kwa macho kwamba dawa imeshindwa, kwa kuwa gamba la mdudu aliyekufa hubaki limeganda wiki nyingi. Libonyeze kwa kucha: likitoa majimaji yuko hai, likivunjika kavu kama ganda la ulezi ameshakwenda.

Kuna mimea ambayo sikuipigania. Feni moja niliyoinunua pembeni mwa barabara nikaiweka siku hiyohiyo katikati ya nyingine ilikuwa imefunikwa shina zima, na kuishughulikia kungechukua muda kuliko kuotesha mpya. Niliifunga kwenye mfuko wa salfeti pamoja na udongo wake, nikaichoma nyuma ya nyumba, nikakisugua chungu kwa maji ya moto. Sasa ua lolote linaloingia kwangu hukaa peke yake wiki nne kwenye kona ya baraza, upande wa pili wa mlango, na kila Jumamosi naligeuza majani. Mpira wangu umetoa majani sita mapya tangu Machi, na sakafu chini yake haijanata.